Tupeane uzoefu: ndege alikuwepo, mwanga ukakataa

Mwanamafunjo: Wakuu, leo nimeona picha ya furukombe, yule tai mla samaki, kichwa kimeungua kwa mwanga kuzidi, cheupe pee, hakuna unyoya unaoonekana. Nikakumbuka Ziwa Naivasha. Tulikubaliana na mwenye boti saa kumi na mbili asubuhi, akatokea saa tatu. Furukombe alitua mbele yetu kwenye ile migunga iliyokufa maji yalipopanda 2020. Jua lilikuwa limeshapanda, macho yake yamo kivulini. Iliniuma sana. Wenzangu mlikutana na nini?

Chozi wa Njoro: Pole. Huku ikweta jua halimngoji mtu.

Bintiziwa: Mimi ni Naivasha hiyohiyo. Mapema, jua mgongoni, mdiria katulia juu ya bua la funjo, nyuma yake kijani kitupu. Nimeinama hadi lenzi inakaribia maji, ili tuonane jicho kwa jicho. Mara mapovu. Kiboko akaibuka ubavuni, boti ikalala upande! Mwenye boti anapiga kelele "Shikilia!", injini inarudi nyuma, mimi nimekumbatia kamera naita mama yangu. Mdiria hata hakuruka.

Kwezi254: Weee! Akawafuata?

Bintiziwa: Alifuata kidogo, akazama. Nilitetemeka mpaka ufukweni.

Mzeewalenzi: Nyie wa boti, acheni kumrushia furukombe samaki aliyechomekwa kipande cha funjo ili aelee. Ndege anameza vitu visivyo chakula.

Kwezi254: Watu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo, mzee. Na samaki akitupwa upande unaopigwa na jua, mabawa yanawaka vizuri.

Mzeewalenzi: Walipwe kwa kutupeleka. Furukombe anajua kuvua, msubiri.

Chozi wa Njoro: Turudi kwenye picha. Jua mgongoni, acha nafasi mbele ya mdomo wa ndege, asikae katikati.

Bintiziwa: Sikubali yote. Yangeyange akiwa kati yako na jua la asubuhi, mabawa yanapitisha mwanga, raha tupu. Na heroe wa Ziwa Bogoria, maji yakitulia na taswira yake ikalala chini yake, katikati ndipo pake.

Mzeewalenzi: Mwanamafunjo, kwa kichwa cha furukombe punguza mwanga hatua moja kwenye kamera, yaani uingie nusu yake. Manyoya meusi utayaongezea mwanga kwenye kompyuta, weupe ulioungua haurudi.

Kwezi254: Hatua nzima ni nyingi, mzee. Theluthi mbili inatosha.