Je, kukitia kitambaa rangi mara mbili kunaifanya rangi idumu?

Mshonaji wa Jinja: Habari zenu, mafundi. Ninatia rangi vitambaa vya meza vya pamba kwa unga wa rangi wa kuchemshwa pamoja na chumvi, lakini bluu ninayoipata ni hafifu, tena hupauka baada ya kufuliwa mara chache. Je, nikirudia kukichovya kitambaa, kitakoza na kudumu, au nitapoteza unga tu?

Fundi wa Katwe: Dada, kukoza ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Rangi hiyo ya kuchemsha hushikamana na pamba kwa mvuto dhaifu, kwa hiyo ukirudia utaongeza rangi iliyomo, lakini kila ufuaji utaendelea kuiondoa. Afadhali utumie rangi inayoungana na pamba yenyewe kikemikali, ile ya maji ya uvuguvugu inayokazwa kwa magadi soda. Hapo kurudia kuna maana, mradi uchanganye rangi mpya, kwa sababu ile iliyokwisha kutiwa magadi huungana na maji pia, na baada ya saa chache huwa imekufa ingawa ndoo bado ni ya bluu kabisa. (Ndoo hiyo imewadanganya wengi.) Kabla ya kurudia, suuza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto sana, mpaka yatoke safi.

Muuza vitambaa, Owino: Kwanza hakikisha ni pamba tupu. Choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi, ilhali poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu, nayo haitashika rangi hizo hata ukirudia vipi.

Mtia nili, Mbale: Nakubaliana na Fundi, ila kwa nili kurudia ndiyo kazi yenyewe. Nili haiyeyuki mpaka iondolewe oksijeni, kwa mfano kwa kostiki (soda kali) na haidrosalfaiti (kemikali ya kuondoa oksijeni). Kitambaa hutoka na rangi ya kijani-njano, kisha hugeuka bluu kinapopata hewa. Ukikichovya mara nyingi kwa muda mfupi katika rangi nyepesi, na kukianika kama robo saa kila mara, nili huingia ndani ya nyuzi kidogo kidogo, lakini ukitaka kumaliza kwa mchovyo mmoja mzito, nyingi hubaki juu na kuchafua mikono ya mteja. Vaa glavu, na kostiki itiwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu yake.

Mshonaji wa Jinja: Nashukuru. Sina nafasi ya pipa la nili, basi nitajaribu ile ya magadi. Nirudie mara ngapi?

Fundi wa Katwe: Huenda usihitaji kurudia. Pima kitambaa kikiwa kikavu: kilo moja huchukua takriban gramu 40 za unga kwa bluu iliyokoza. Wengi hutia nusu yake, kisha hulaumu rangi. Jaribu kipande kidogo, ukikaushe ndipo uamue, maana kitambaa kilicholowa daima huonekana kimekoza zaidi.