Mito yote ya England imefeli kwa kemikali za makochi: tulegeze kiwango au tufukuzie chanzo?

Mada
Tathmini ya 2019 ya Environment Agency, mamlaka ya mazingira ya England, iliyotoka 2020, haikukuta mto, ziwa wala maji ya pwani ya England yaliyofaulu kikemikali. Mkosaji mkubwa ni PBDE, kemikali za bromini zilizokuwa zikitiwa kwenye sponji na vitambaa vya makochi ili visishike moto upesi. Kiwango kwa samaki ni mikrogramu 0.0085 kwa kilo, jumla ya PBDE sita. Wapo wanaotaka kilegezwe. Wadau, mnasemaje?

Mizani
Kilegezwe. Tupige hesabu. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, mwaka 2008 iliweka dozi salama ya BDE-47, ile PBDE inayoongoza kwenye samaki, kuwa mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anapata 7. Samaki mwenye mikrogramu 1 kwa kilo amevuka kiwango cha mto zaidi ya mara 100, lakini ili ufikishe 7 lazima ule kilo saba zake kila siku. Nani huyo? Mtihani unaofelisha darasa zima haukuonyeshi uanze kumsaidia nani.

Tope la Chini
Mkuu, hesabu iko sawa, msingi wake ndio mbovu. Dozi ya siku inafaa kwa kitu kinachotoka mwilini haraka. Baadhi ya PBDE hukaa miaka kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo cha kupima ni akiba iliyojikusanya, sahani ya leo ni kidogo tu. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilipitia upya 2024 kwa mtazamo huo, ikasema ulaji wa sasa Ulaya huenda unatia wasiwasi kiafya. Na mtoto anayetambaa, juu ya chakula, anameza vumbi la kochi.

Mizani
Basi shida ni vumbi. Mto umeingiaje?

Tope la Chini
Fuata njia. Sponji ikizeeka inakuwa unga, unga unanasa kwenye nguo, maji ya kufulia yanakwenda kwenye mtambo wa majitaka. PBDE haikai vizuri kwenye maji, inashikamana na tope. Tope linatandazwa shambani kama mbolea, udongo ukisombwa na mvua unaishia mtoni.

Mzizi ni kanuni za 1988 za Uingereza: kitambaa cha kochi lazima kihimili mwali wa kiberiti. Viwanda vikapaka deca-BDE (PBDE mojawapo, kwa kifupi deca) na madini ya antimoni mgongoni mwa kitambaa. Deca iliingia orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali sugu, mwaka 2017, ila kochi hudumu miaka mingi, ya zamani bado yapo. Tangu Januari 2023 makochi yaliyotupwa yenye kemikali hizi England hayafukiwi dampo wala hayagawiwi tena, yanachomwa kwenye tanuri. Kazi huharibikia kwenye lori: kochi likibanwa pamoja na taka nyingine, sponji inapasuka, vumbi linatoka na taka nzima inachafuka. Lipakiwe zima, lifunikwe lisinyeshewe.

Chupa ya Kahawia
Kabla hamjagombana, ulizeni namba imepatikanaje. Samaki mzima na mnofu ni majibu mawili tofauti, kwa sababu PBDE inafuata mafuta. Usilinganishe mkunga na samaki asiye na mafuta mengi bila kusawazisha kiasi cha mafuta. Halafu vumbi la maabara yenyewe: foili ioshwe kwa kiyeyushi cha heksani, na kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu, yaani isiyo na samaki, ili uone uchafu wa maabara. BDE-209, ndiyo ile deca, huvunjika kwenye mwanga na kwenye joto la mashine, ndiyo maana tunatumia chupa za kahawia na kolamu fupi (mrija wa mashine unaotenganisha kemikali), kama mita 15. Kwa 0.0085, sampuli tupu chafu kidogo tu inatosha kukufelisha mto.

Mizani
Hapo ndipo ninaposimama. Na hata PBDE ikitolewa, zebaki bado itaangusha maji mengi.

Jiko la Nje
Sisi walaji je? Kuchoma kunaiua?

Chupa ya Kahawia
Haiui, inaihamisha. Toa ngozi, mafuta ya tumboni na ule ukanda mweusi wa ubavuni, choma juu ya wavu, mafuta yanayodondoka umwage, usiyapikie mchuzi. Kwa zebaki hilo halisaidii, yenyewe imo ndani ya nyama.