Re: Mpwa apewa nafasi ya mbio, timu ya mieleka ya mwanangu yafutwa: je, ni Title IX?

Kutoka kwa mzazi, Columbus

Ndugu wanajumuiya, nawasalimu na kuomba mwongozo. Mpwa wangu wa kike aliyeko Eldoret ameandikiwa na kocha wa chuo kimoja cha huku Marekani, ambaye anamtaka akimbie kwa ufadhili. Wakati huohuo chuo cha mwanangu kimefuta timu ya mieleka, na kanisani tumeambiwa kwamba ni sheria ya usawa wa jinsia, iitwayo Title IX, iliyomnyang'anya nafasi yake. Je, ni kweli? Na je, sheria hiyo itamhusu binti huyo anayekuja kwa viza ya mwanafunzi?

Jibu kutoka Minneapolis

Dada yangu, pole kwa yaliyomfika kijana, na hongera kwa mpwa. Hayo mliyoambiwa kanisani nimeyasikia mara nyingi, na ninayapinga kwa sababu yanawagombanisha watoto wa nyumba moja bila msingi.

Title IX ilitiwa saini na Rais Nixon tarehe 23 Juni 1972. Inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na inamlinda kila mtu aliyeko nchini, awe raia au la, hivyo mpwa wako akifika kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, atakuwa na haki sawa na mwenzake aliyezaliwa Ohio. Kuhusu nafasi za kucheza, chuo hutakiwa kuthibitisha jambo moja tu kati ya matatu: kwamba sehemu ya wanawake miongoni mwa wanamichezo wake inakaribiana na sehemu yao miongoni mwa wanafunzi wote, au kwamba kimekuwa kikiongeza nafasi za jinsia iliyopungukiwa na bado kinaendelea, au kwamba kimekwisha kutosheleza hamu na uwezo wa jinsia hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloamuru timu ya wanaume ifutwe. Timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani katika vyuo vikubwa huwa na wachezaji zaidi ya mia moja, na hakuna mchezo wa wanawake unaolingana nayo kwa idadi; chuo kisichotaka kuigusa timu hiyo wala kutoa fedha za kuanzisha timu mpya za wanawake hupata nafuu ya haraka kwa kufuta mieleka, kwani wanaume wakipungua, sehemu ya wanawake huongezeka. Huo ni uamuzi wa bajeti unaofanywa na viongozi wa chuo, na wao ndio wanaopaswa kuulizwa.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mkimbiaji Henry Rono wa Kenya alipokuwa akiking'arisha chuo cha Washington State, na mwenzake Suleiman Nyambui wa Tanzania alipokuwa chuo cha Texas kilichoko El Paso, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, mashindano ya kitaifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, yalikuwa ya wanaume peke yao. Ya wanawake katika daraja la juu yalianza mwaka wa masomo wa 1981–82. Bila njia hiyo kufunguliwa, mkimbiaji Sally Kipyego wa Kenya asingetwaa mataji tisa ya NCAA akiwa chuo cha Texas Tech, wala Mkenya mwenzake Doris Lemngole wa chuo cha Alabama asingekuwa bingwa wa NCAA wa mbio za nyika mwaka 2024.

Hata hivyo, kuna jambo linalowahusu hasa mabinti wa mbio, na ningependa mlitazame kwa makini kabla ya kutia saini. Msichana anayekimbia mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje huhesabiwa kuwa washiriki watatu, kwa hiyo chuo kinachotafuta uwiano kwa gharama ndogo huona faida kujaza vikosi vya mbio. Mwaka 2010, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilichotaka kufuta voliboli ya wanawake, jaji aliona kwamba baadhi ya wakimbiaji wa nyika walikuwa wakilazimishwa kujiunga na timu za riadha ili idadi iongezeke, na akakataa kuwahesabu kuwa wamepata nafasi za kweli. Mwulizeni kocha, kwa maandishi: je, mpwa atasafiri kwenda kushindana, au atakuwa jina tu katika orodha? Ufadhili ni wa gharama zote au wa sehemu, na je, utaendelea akiumia? Kisha tafuteni ripoti ya usawa katika michezo, ambayo sheria inavitaka vyuo kuitoa kila mwaka. Iko wazi kwa umma kupitia Wizara ya Elimu, na inaonyesha idadi ya washiriki na fedha za ufadhili kwa kila jinsia. Katika fedha hizo kila mwanamichezo huhesabiwa mara moja tu, hivyo ndipo ukweli hujitokeza.

Nyongeza kutoka Dallas

Naongeza moja, dada. Tangu mapatano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inaelekea kwa wanaume wa mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Ikiwa Title IX inazihusu fedha hizo, bado wanasheria wanabishana. Mpwa asipokee malipo ya aina hiyo wala mkataba wa matangazo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na wakili wa uhamiaji, kwa kuwa F-1 inabana sana kazi ya malipo. Ufadhili wa masomo wenyewe hauna tatizo hilo.

Na akibaguliwa, kila chuo kina mratibu wa Title IX wa kumwendea. Malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu hupelekwa ndani ya siku 180 tangu tukio, kwa hiyo atunze barua pepe zote za kocha tangu hii ya kwanza.