Majengo ya zamani ya Dar es Salaam yanalindwa na nani?

Mkaazi wa Kisutu: Ndugu zangu, nyumba ya ghorofa moja niliyoizoea tangu utotoni, yenye roshani na mwaka wa kujengwa uliochongwa kwenye lipu juu ya dirisha, imezungushiwa mabati, na nasikia patainuka jengo refu lenye maduka chini. Je, hakuna sheria inayozuia?

Mchora Ramani: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 tu, yaliyofuata, yakiwemo ya Wajerumani na maduka ya Wahindi, hayalindwi mpaka yatangazwe rasmi na serikali. Hata Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar mnamo 1866–67, ni changa mno kwa kipimo hicho.

Bi Mkubwa: Tusisahau pia kwamba mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa, na mpangaji anayelipa kodi ndogo katika nyumba isiyo yake hana sababu ya kuitengeneza paa.

Mkaazi wa Kisutu: Nashukuru, ingawa jibu lenyewe ni chungu. Kesho nitakwenda kuipiga picha ile roshani kabla nyundo hazijaifikia.