Kijana wa Masasi kamaliza kidato cha nne: hii miezi saba aimalizie Dar au arudi nyumbani?

Shangazi_Charambe

Habari za humu, wakuu. Nina mtoto wa kaka yangu, kamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita huko Masasi. Kafika kwangu Mbagala wiki jana na begi moja na kifuko cha korosho. Ana miaka 17, mpole, mlaji.

Matokeo hutoka Januari. Hata akifaulu, kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Kwa hiyo nina kijana ndani ya nyumba kwa miezi kama saba, na kila mtu ana lake la kusema. Mume wangu anataka ampeleke kwa rafiki yake mwenye gereji mtaa wa Gerezani. Jirani anasema kozi ya kompyuta miezi mitatu. Kuna kituo cha tuisheni hapa karibu wameshaanza masomo ya kujiandaa na kidato cha tano, wanataka hela yote mbele. Baba yake anapiga simu kila jioni: mrudishe, huku kuna kazi. Mimi nilikuwa nafikiria JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), angalau apate nidhamu na ajira.

Nikimuuliza anataka kuwa nani ananijibu "mwalimu au mwanajeshi". Nimewaza sana hilo jibu. Kule kijijini watu wenye mshahara aliowaona kwa macho ni mwalimu, nesi na yule mwanajeshi anayerudi likizo. Atachagua nini kingine?

Nisaidieni kulinganisha. Hela si nyingi, nina genge tu.

Fundi_Keko

Dada, shikamoo. Niongee kuhusu ya mumeo, maana ndiyo niliyopitia mimi.

Nilitoka Tunduru nikiwa na umri huohuo, nikaingia Keko hapa Dar kwenye samani. Kwa fundi hulipi ada, unalipa kwa muda. Miezi minane ya mwanzo nilishika msasa tu. Asubuhi msasa, jioni kufagia maranda, katikati natumwa chai. Mbao sikukata hata moja. Nilichojifunza kipindi kile ni jinsi ya kumwambia mteja "kesho jioni" wakati kitanda chake bado kiko kwenye ubao mzima. Na hiyo nayo ni fani, msicheke.

Lakini mwaka wa pili niliujua mninga kwa harufu. Nikajua mkongo unavyovunja meno ya msumeno, nikajua paini ikikaa mbichi itapinda hata uipigilie misumari ya reli. Hivyo hakuna daftari lililonifundisha. Mpaka leo nakula kwa hiyo.

Sasa tatizo la miezi saba: kwa fundi asiye na mpango, miezi saba yote inaisha kwenye msasa. Gereji ni hivyohivyo, atakuwa spanaboi wa kuosha vyuma kwa petroli. Kabla hajaanza, mumeo akae na huyo rafiki yake wakubaliane mbele ya mtoto: nauli nani anatoa, chakula cha mchana nani, na ikifika mwezi wa pili aguse nini. Mambo ya "ni mtoto wangu huyo, usijali" ndiyo yaliyonipotezea mimi mwaka. Na vifaa vya kujikinga uulize. Ncha ya kidole changu kimoja iliondoka na mashine ya mtu ambaye hakuninunulia hata plasta.

Kamanda_Mstaafu

Shangazi, JKT nilikaa miaka miwili ya kujitolea. Nikurekebishe kidogo.

Kwanza, wale wa miezi mitatu ni wa mujibu wa sheria, waliomaliza kidato cha sita. Mtoto wako hayumo. Pili, kujitolea kuna masharti yake ya umri, soma tangazo, na nafasi zinapitia mkoani na wilayani anakoishi mtu, si kuingia getini Mgulani na begi. Kwa hiyo kama ni hilo, maombi yake yatakuwa Masasi. Tatu, na hili wazazi hawataki kulisikia: tangazo lenyewe husema wazi kwamba JKT haimwahidi mtu ajira. Wapo niliokuwa nao kikosini wakaendelea jeshini, polisi, magereza. Wengi walirudi nyumbani. Mimi nilirudi nikiwa najua kufuga kuku na kufyatua tofali, sijutii. Ila usimpeleke kwa kuwa una hamu ya mshahara wake.

bishoo_wa_kitaa

Mpeni bodaboda huyo, mnamzungusha bure. Hela ya tuisheni ni nusu ya advansi ya pikipiki.

Dada_Spana

@bishoo_wa_kitaa mtoto wa miaka 17, mgeni, hajui hata Tandika inaelekea wapi, abebe abiria barabara ya Kilwa? Nenda kalale.

Shangazi, mimi nilisoma umeme wa magari VETA, vile vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Kozi ndefu zinaanza Januari na fomu zake hutoka miezi kabla, hivyo kwa mwaka huu hilo basi limeondoka. Msilikimbize. Mtakaa mkao wa mwaka kesho. Kuna wanaodhani VETA ni ya waliofeli, ndiyo maana hawaulizi mapema. Darasani kwetu alikuwepo aliyeacha kidato cha tano kwa hiari yake. Alikuwepo pia wa darasa la saba, na huyo wa darasa la saba ndiye aliyekuwa akitufundisha usiku. Sisi tulilipa elfu 60 kwa mwaka kwa kutwa, wa bweni laki moja na 20. Kinachokula hela ni nauli, ovaroli na vifaa. Dar watu wanataja Chang'ombe tu, ila na Kipawa ipo, na kwenu kusini ziko Mtwara na Lindi. Mwenye shangazi Mbagala anadhani lazima asomee Mbagala!

Kozi fupi ndizo zinakufaa sasa, zinaingia mwaka mzima. Mpeleke kwanza atembee, asilipe kitu. Aone watu wanachomelea, wanashona, wanafunga friji. Mimi nilienda nikitaka ushonaji. Nikapita karakana ya magari, nikasikia injini iliyogoma ikishika, nikabadilisha fomu palepale. Sikuwahi kujua mwanamke anaruhusiwa pale. Nani angeniambia kule kwetu Mpwapwa?

Na kwa kaka Fundi wa Keko: VETA wana utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Wanakupima unachokijua, unapata cheti chako. Umeshaenda?

Fundi_Keko

Nimesikia. Sijaenda. Naogopa maswali ya kuandika, nisiwadanganye.

Dada_Spana

Nenda kaka. Watakupa mbao, hawatakupa insha.

Mwalimu_wa_Zamani

Salaam. Nimefundisha sekondari miaka 31, sehemu kubwa mikoani, sasa nipo Kimara nalea wajukuu.

Kuhusu tuisheni nitasema kwa kifupi. Kidato cha tano wanataka angalau C tatu. Hayo hayajulikani mpaka matokeo yatoke, na tahasusi atakayopangiwa huenda isiwe ile aliyoanza kuisomea Desemba. Kulipa hela yote leo ni kumshonea kanzu mtoto aliye tumboni. Subiri Januari. Akiwa na C zake, Februari mpaka Juni ni muda tele. Katikati hapo akitaka kusoma, Maktaba Kuu pale Bibi Titi iko wazi, kuna meza, feni na ukimya, vitu ambavyo nyumba yenye genge haina.

Tatizo lenu ni jingine. Nimesoma uzi wote, kuna mume, jirani, baba, shangazi na kituo cha tuisheni. Kijana yeye anasema nini? Na usimuulize anataka kuwa nani. Swali hilo nimewauliza wanafunzi maelfu na jibu ni lilelile ulilopewa. Muulize kule nyumbani anafanya nini asipotumwa na mtu. Watu wanamfuata kwa shida gani? Kila kijiji kina mtoto anayeitwa redio ikifa, na kina mwingine anayeitwa ng'ombe akishindwa kuzaa. Hawa hawajui kwamba wanachofanya kina jina na chuo.

Mmakua_Halisi

Nimechelewa ila nimefika, mnaijadili Masasi bila Mmasasi.

Mnamzungumzia baba yake kama mtu anayemrudisha mtoto gizani. Hela ya kusini ni korosho, na korosho ina kazi nyingi kuliko mnavyodhani. Kuna wapuliziaji dawa, watu wa chama cha msingi cha ushirika wanaopima na kuandika, watu wa ghala, madereva, wanaobangua. Pale Naliendele, Mtwara, kuna wataalamu wa utafiti ambao kazi yao maisha yote ni mkorosho tu. Kijana wa Masasi akisikia "utafiti" anawaza watu wa Ulaya, na jambo lenyewe liko njia ya kwenda kwa bibi yake. Agosti viwanja vya Ngongo, Lindi, kuna Nane Nane, hao wote wanakusanyika sehemu moja, unauliza mpaka unachoka. Sawa na Sabasaba yenu, bila foleni ya barabara ya Kilwa.

Halafu kuna jambo ambalo Dar hatalipata. Dar ataona vitu vingi na hatashika hata kimoja, ni mgeni. Nyumbani anajulikana. Mimi nilianza na vijana wa Msalaba Mwekundu, tukafundishwa huduma ya kwanza, tukawa tunasimama pembeni kwenye mechi na kwenye mikesha. Kazi ya bure kabisa. Lakini ndipo nilipojifunza kusimama mbele ya watu, kuandika ripoti, kutunza hela ya nauli za wenzangu bila kuila. Nilipoomba kazi ya kwanza sikuwa na cheti cha maana, nilikuwa na mratibu aliyenijua miaka mitatu na akaniandikia barua. Sasa hivi niko Ubungo, kazi niliipata kwa barua ile.

Akifika 18 na wenzake wana kikundi kilichosajiliwa, halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ya kukopesha bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kwa Dar mnagombania mko wangapi?

Fundi_Keko

Kaka Mmakua, nakubali nusu. Huko gereji ziko ngapi? Mafundi wa kumfundisha je? Mimi ningebaki Tunduru ningekuwa bado naazima randa.

Mmakua_Halisi

Na wewe ungerudi Tunduru na ujuzi wako ungekuwa unauza makabati peke yako wilaya nzima. Keko mko wangapi mtaa mmoja?

Fundi_Keko

Hapo umenishika.

Shangazi_Charambe

Wakuu, asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Jana usiku nilifanya ulivyosema. Tulikuwa tunamenya vitunguu vya genge, nikamuuliza kama utani: kule nyumbani watu wanakufuata kwa shida gani?

Alikaa kimya kidogo, akasema "mashine". Mashine gani? Zile za kubeba mgongoni za kupulizia mikorosho dawa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Zikigoma katikati ya msimu watu wanampelekea. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema alimwangalia babu mmoja jirani mpaka babu macho yakawa hayaoni vizuri, akawa anamshikia tochi, mwisho tochi akaishika babu. Wanamlipa elfu mbili, elfu tatu, au mayai.

Kaka yangu hakuwahi kuniambia. Nilipompigia akasema "ah, anachezea mashine za watu tu huyo."

Sasa nimechanganyikiwa vizuri zaidi. Gereji ya Gerezani ni ya magari makubwa.

Dada_Spana

Shangazi, huo si mchezo! Zile ni injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Ukoo huohuo ndio wa misumeno ya kukatia miti na mashine za kufyekea nyasi. Dar kila taasisi yenye bustani inazo, na mafundi wake wapo. Amtafute wa namna hiyo, gereji ya malori aachane nayo. Akikaa miezi mitatu minne ataona kabureta nyingi kuliko alizoziona Masasi miaka yote. Na msimu wa kupulizia unaanza lini?

Mmakua_Halisi

Kuanzia Mei, Juni, ikitegemea mikorosho inavyochipua. Akiwa Masasi mwisho wa Mei na mkono uliokomaa, hiyo Juni hatakosa hela ya sare. Au ya fomu.

Mwalimu_wa_Zamani

Na asiache kuangalia matokeo Januari. Akipata C za Fizikia na Hisabati tutaongea upya. Vyuo vya ufundi ngazi ya cheti, kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), huomba angalau D nne, kwa hiyo hata zisipokuja C, mlango haujafungwa.

Shangazi_Charambe

Nimeongea na mume wangu. Amenuna siku mbili, leo katoka mwenyewe kaenda kuuliza, amepata fundi wa mashine za nyasi upande wa Tazara. Tumekubaliana kama alivyosema Fundi wa Keko: nauli natoa mimi, chakula yeye, mwezi wa pili aguse injini. Ijumaa Dada Spana nitakusumbua utuelekeze Chang'ombe. Kaka yangu nimemwambia Mei mtoto anarudi, akasema "na mpaka hapo nani ataniangalizia mashine?" Sasa zimekuwa za maana!

Swali la mwisho, nimnunulie seti ya spana Kariakoo?

Fundi_Keko

Usinunue zile seti za sanduku jekundu za kando ya barabara, zinachunika wiki ya kwanza. Nunua mojamoja nzuri: namba 8, namba 10, 13, na ile ya plagi.

Shangazi_Charambe

Ya plagi anayo, kaka. Alikuja nayo kwenye begi.