Filamu ya Myahudi katika shule ya bweni: niwaonyeshe vijana wangu au niache?

Mwalimu_Lurambi

Habari za jioni wadau. Nafundisha Historia na Dini katika shule ya bweni ya wavulana hapa Kakamega, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka kazi hiyo, mimi ndiye mlezi wa chama cha filamu. Muhula huu nataka vijana wa Fomu Tatu waione School Ties, ile ya mwaka 1992 iliyoongozwa na Robert Mandel.

Kwa asiyeijua: ni Marekani, miaka ya hamsini. David Greene, anayeigizwa na Brendan Fraser, ni mtoto wa familia ya kawaida kutoka Scranton, mji wa makaa ya mawe jimboni Pennsylvania. Shule ya matajiri huko Massachusetts inamvuta aje amalizie mwaka wake wa mwisho hapo, karo juu ya shule, kwa sababu moja tu. Anajua kurusha mpira (huo wao wa kushikwa mikononi), na shule imechoka kupigwa na mahasimu wake. Kocha anamshauri asijieleze zaidi ya inavyohitajika. Greene ni Myahudi, na wale wavulana hawawapendi Wayahudi. Basi anaficha. Siri inapotoka, walewale waliokuwa wakimshangilia wanamgeuka, na usiku mmoja anakuta alama ya Manazi imetundikwa juu ya kitanda chake.

Sasa niambieni, nani huku magharibi hamjui mwanafunzi aliyevutwa shule kwa sababu ya mpira? Kijana anatokea Fomu Tatu katikati ya muhula, barua yake ya uhamisho hakuna aliyeiona, lakini jezi anayo tayari. Muhula wa pili anaimbiwa nyimbo mpaka sauti zinakauka. Mechi zikiisha, hakuna anayejua anatoka wapi wala anasali wapi. Mimi nimewafundisha kadhaa wa namna hiyo na najua ninachokisema.

Deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, hataki. Anasema hiyo ni hadithi ya Wazungu na Wayahudi, watoto wa huku inawahusu nini? Nikiwa mkweli, hoja yake ina uzito kidogo. Vijana wangu wanamjua Myahudi wa Biblia peke yake: Musa, Daudi, Mafarisayo. Juzi mmoja aliniuliza kama Wayahudi bado wapo.

Je, inafaa au nitafute nyingine? Na nikiionyesha, nianzie wapi isigeuke kuwa kipindi kingine cha darasani? Deputi akilegea, ukumbi unapatikana Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Jumamosi usiku wa CU (umoja wa wanafunzi Wakristo) wana kesha.

Kilemba_Cheupe

Mwalimu, onyesha.

Mimi ni Mkorino, wa lile kanisa la wavaa vilemba, kutoka Bahati, Nakuru. Nilisoma bweni, shule siitaji. Siku ya kuripoti mwalimu wa zamu alikuwa ameweka meza chini ya mti, anakagua masanduku: blanketi, ndoo, jembe, karatasi za chooni, kila kitu anakitia alama kwenye orodha yake. Akamaliza sanduku, akafika kichwani mwangu. Akamwambia baba kilemba si sare. Baba ni mtu asiyepandisha sauti hata mbuzi wakiingia shambani. Akauliza kama kofia ya skauti ni sare. Hakujibiwa. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na wazazi wengine walikuwa wanatazama saa. Basi tukaenda kando ya tangi la maji, akanifungua kilemba yeye mwenyewe, akakikunja polepole, akakitia ndani ya koti lake upande wa moyo. Kisha akanipa pesa za matumizi kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo sikuitazama filamu hii kama mambo ya Wazungu. Na kilichonimaliza si yule Dillon, hasimu wake shuleni (Matt Damon akiwa kijana kabisa), wala ile alama juu ya kitanda. Ni nusu ya kwanza, wakati hakuna anayemchukia Greene. Wavulana wanapiga soga bwenini, mmoja anatupa maneno ya dharau kuhusu Wayahudi kama mtu anayetema ganda la muwa, na Greene anaimeza. Hakuna aliyekusudia kumuumiza kwa sababu hakuna anayejua kuwa yupo. Mimi utani wa Wakorino niliusikia wote, wa ngoma, wa unabii, na nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wenye utani.

Halafu kuna ile mechi inayoangukia Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Greene anacheza, wanashinda, na usiku anajipenyeza peke yake kwenye kanisa la shule kusali sala za kwao. Mwalimu mkuu anamkuta humo, anamhoji kama ushindi wa mpira ulistahili kuvunja mila. Hebu fikiria. Shule ndiyo iliyompangia mechi siku hiyo, shule ndiyo iliyomtoa kwao kwa ajili ya mechi hiyohiyo, na shule ndiyo inayomuuliza mbona hakushika sikukuu yake! Hapo nilisimamisha simu nikatoka nje kidogo.

Waambie vijana watazame uso wa Greene kabla ya siri kutoka. Baada ya hapo ni ngumi, na ngumi kila mtu anaielewa.

Jirani_wa_Molo

Tusitafute makuu. Shule ya kanisa ni ya kanisa. Asiyetaka taratibu zake, shule za kutwa ziko tele. Filamu kama hizi zinawafundisha watoto kubishana na walimu.

Binti_wa_Mumias

Jirani, shule ya umma yenye mfadhili wa kanisa haiwi mali ya kanisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kukuza mambo ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani za wasiokuwa wa dhehebu lake. Katiba nayo, Kifungu cha 32, inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake. Soma kabla ya kumtuma mtoto wa mwenzio shule ya kutwa.

Sidai kwamba mahakama zimetumalizia kazi. Kesi ya hijabu iliyotoka Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki ya kuivaa shuleni mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa sababu ya jinsi dai lenyewe lilivyowasilishwa. Tukarudi palepale, kila shule na mwalimu mkuu wake. Na hapa kwetu Mumias Uislamu si mgeni. Ulifika na wafanyabiashara Waswahili enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla ya reli kugusa Kisumu mwaka 1901. Hata hivyo nilipoingia bweni, si mbali na nyumbani, niliulizwa kama mimi ni Msomali.

Sasa filamu. Mwalimu, ionyeshe lakini usiisujudie. Greene ana nguvu, ana sura, ana mkono wa dhahabu. Mtu wa hivyo ukimbagua, hata kipofu ataona umekosea. Mimi nilikuwa msichana wa hesabu za wastani, netiboli siwezi, sauti ya kwaya sina. Hakuna aliyenivuta popote. Ningependa filamu yenye Myahudi asiyejua mpira, mwenye chunusi, anayekoroma, na bado tuambiwe kwamba kitanda chake bwenini ni haki yake. Waulize vijana wako swali hilo: huyu Greene angekuwa anakaa benchi, mngemtetea?

Nyar_Kolwa

Nimefundisha fasihi Kisumu kwa muda mrefu na filamu hii nimeionyesha. Niende moja kwa moja kwenye kazi.

Ule mpira wao hawatauelewa, usijisumbue kueleza kanuni. Sema tu kwamba Greene ndiye anayepanga na kurusha pasi, na kwamba Dillon alikuwa anaisubiri nafasi hiyo mwaka mzima, basi. Lugha ni chafu mahali pengi. Ugomvi mkubwa unatokea kwenye mabafu na wavulana wako uchi, kwa hiyo kaa na rimoti mkononi, la sivyo utasikia kelele mpaka barabara kuu na deputi atapata alichokuwa anakitafuta.

Mahali pa kusimama ni kwenye mtihani wa historia. Dillon anaingia na mwakenya (karatasi ya kuibia majibu). Greene anamwona. Van Kelt, ambaye ndiye kiranja mkuu, naye anamwona. Mwalimu anaiokota ile karatasi sakafuni na kuwaambia darasa limtoe mwenyewe aliyeibia, la sivyo wote wameanguka. Greene hamchomi mwenzake kwa mwalimu. Anamwendea faragha na kumpa nafasi ajitaje. Dillon anamgeuzia kibao, anasema ni Greene. Wavulana wanafunga mlango wapige kura, na kiranja mkuu ndiye anayeongoza kikao huku ukweli anaujua!

Zima hapo. Wape karatasi, wapige kura zao kwa siri. Usiwaulize nani aliiba, hilo wameshaliona. Waulize nani ana kosa kubwa zaidi kati ya Dillon na Van Kelt. Darasani kwangu walikaribia kushikana mashati. Vijana wa bweni wanajua kuchoma mwenzako ni nini na bei yake ni ipi, tena kuliko sisi walimu tunavyofikiri. Wengi walimtetea kiranja, wakasema angelala wapi usiku huo akisema? Kisha uwashe tena, waone walivyopiga kura wenyewe kwa wenyewe wale wavulana wa Massachusetts.

Kuna kipande kingine kidogo usikipite. Reece, wanayelala naye chumba kimoja, analalamika mbona Greene hakumwambia kuwa ni Myahudi. Greene anamjibu kwamba yeye pia hakuwahi kumwambia dini yake. Mmethodisti, anasema Reece. Na Greene anajifanya kushangaa, kumbe muda wote huo hakujua! Wangu walicheka sana, halafu kijana mmoja wa Legio Maria, kanisa la Kiafrika la huku kwetu, aliyekaa nyuma akacheka peke yake baada ya wengine kunyamaza.

Neno la mwisho, kuhusu siku. Ijumaa baada ya chakula cha jioni jua limeshazama, na kwa Waadventista hiyo ni Sabato. Huku Nyanza wamekuwepo tangu walipofungua misheni ya Gendia mwaka 1906, na sidhani Kakamega utawakosa. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki yao kuhusu masomo ya Jumamosi mwaka 2017, na bado kuna shule zinazowawekea majaribio siku hiyo. Usiwaite watoto kutazama filamu ya mechi iliyoangukia sikukuu ya mtu, na wengine wako nje ya ukumbi kwa sababu hiyohiyo.

Mzee_wa_Turbo

Mwalimu wa Historia anauliza aanzie wapi? Aanze na ramani ya Kenya. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, pendekezo la kuwapa ardhi, na ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, hapa ninapopanda mahindi. Wakatuma watu waje waikague. Kongamano lao la Basel likaikataa mwaka 1905. Waulize vijana: wangekubali, Eldoret ingekuwaje, na Wanandi wangekuwa wapi? (Hakuna Mnandi aliyeulizwa mwaka 1903, hilo nalo waambie.)

Ukimaliza hapo, vuka Malaba uende Mbale, ile ya Uganda, si ya Vihiga. Kando ya mji huo wapo Abayudaya, watu weusi kama mimi na wewe, wanaoshika Sabato na kusali kwa Kiebrania. Semei Kakungulu ndiye aliyelianzisha jambo hilo mwaka 1919. Kijana aliyeuliza kama Wayahudi bado wapo anaweza kupanda matatu asubuhi akafike huko kabla ya jioni.

Na kuhusu Massachusetts: usimwachie mtu aseme ni ushenzi wa wavulana tu. Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Lowell, mwaka 1922 alitaka idadi ya Wayahudi chuoni hapo iwekewe kikomo waziwazi. Wale watoto ndiko walikokuwa wanaelekea, na baba zao ndiko walikotoka. Greene mwenyewe analijua hilo. Mwishoni anamwambia mwalimu mkuu kwamba ataitumia shule hiyo aingie Harvard, kama wao walivyomtumia kwa mpira. Mimi hayo ndiyo maneno niliyoyapenda kuliko yote. Hakuwaambia asante.

Mwalimu_Lurambi

Asanteni. Nimehamishia Jumapili alasiri. Waadventista nimewahesabu darasani nikawapata, wengine hata mimi nilikuwa sijui. Ramani ya Mzee nimeichora ubaoni leo, na yule mwanafunzi wangu wa swali amenisumbua mpaka kengele: Abayudaya wanakula nguruwe? Wana timu ya mpira?

Swali la Binti nitalitoa kabla ya karatasi za kura, maana mshambuliaji wetu aliyevutwa kutoka Busia atakuwa ndani ya ukumbi, na ningependa alijibu akiwa bado hajachoka.

Deputi amekubali kwa masharti: akae mstari wa mbele, na rimoti awe nayo yeye. Kwa hiyo sehemu ya mabafu tumeshaivuka. Kilichobaki ni projekta, ya shule inamwonyesha kila mtu kijani. Kama kuna mdau kati ya Kakamega na Chavakali mwenye projekta yenye taa nzima, anitumie ujumbe. Nauli ya boda kwenda na kurudi ni juu yangu.