Maumivu ya siatika yamekwisha, mguu bado una ganzi. Hii inatoka lini?

Mtoto wa Makorora
Wakuu heshima zenu. Nipo Tanga mjini, miaka arobaini na ushee. Mwaka huu nilishikwa na kiuno, maumivu yakashuka takoni, yakapita nyuma ya paja mpaka mguuni. Nikikohoa tu machozi yananitoka. Daktari akasema siatika, diski ya mgongo imechomoza na inabana mshipa wa fahamu. Nikapewa dawa na mazoezi, namshukuru Mungu maumivu yamekwisha. Kilichobaki ni ganzi, kuanzia ugokoni upande wa nje, juu ya wayo, hadi kidole gumba. Juzi sokoni Mgandini kandambili ilinivuka nikaendelea na safari yangu, mpaka muuza ndizi ananiita, "Kaka, kiatu chako hiki!" Naomba kujua kitu kimoja tu: inaisha baada ya muda gani, na kuna dawa ya kuiharakisha?

Gogo la Mnazi
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa hapa na kahawa yangu.

Mgosi wa Kaya
Tanga hiyo mkuu, halafu unauliza diski? Kumbuka vizuri ulikanyaga nini na mlangoni kwa nani. 😂

Bi Mkubwa Chumbageni
Pole mwanangu, usiwasikilize hao. Mimi kiuno changu kilitulizwa na mafuta ya mnyonyo na kuumikwa. Ila maji ya moto usithubutu. Marehemu mume wangu alikuwa na sukari, miguu haina habari, wifi yangu akajifanya daktari akamwekea chupa ya maji moto usiku. Asubuhi lengelenge kama kitumbua. Kidonda kile tulikiuguza mpaka tukachoka, na wifi hajawahi kusema samahani hadi leo. Arusi ya mwanangu alikuja akakaa mbele kabisa!

Mtoto wa Makorora
Shikamoo bibi. Maji ya moto nilishaanza kukandia, naacha leo.

Fizio Mstaafu
Bi Mkubwa kasema la maana kuliko wote. Mguu usiohisi haukwambii kama unaungua wala kama umechomwa na msumari, kwa hiyo vaa kiatu cha kufunika na ukague nyayo kila jioni. Sasa swali lako. Maumivu huondoka kwanza, ganzi hufuata nyuma kwa kuchelewa. Mshipa ukiwa ulibanwa tu, wiki kadhaa zinatosha. Ukiwa umeumia ndani, unaota upya kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu mita nzima, piga hesabu mwenyewe. Wapo wanaobaki na kiraka cha ganzi maisha yao yote wakaishi vizuri tu. Vidonge vya vitamini B vinamsaidia aliyepungukiwa, wewe pima kwanza, na sukari pima pia. Halafu nijibu bila haya: haja ndogo inatoka kawaida? Ganzi haijafika sehemu za siri, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli? Ikifika huko ni dharura ya siku hiyohiyo.

Mtoto wa Makorora
Hapana mkuu, huko salama kabisa.

Fizio Mstaafu
Afadhali. Kazi yako ni ipi?

Mtoto wa Makorora
Kazi za kawaida, za kukaa.

Mama Tatu Ngamiani
Kukaa wapi kaka? Mbona unajibu kama unahojiwa polisi?

Mtoto wa Makorora
Nyuma ya usukani. Naendesha Kosta.

Gogo la Mnazi
Kahawa imenipalia. Mguu upi wenye ganzi?

Mtoto wa Makorora
Wa kulia. Lakini msinielewe vibaya, nimejipima. Nimeiwasha gari uani, konda akasimama nyuma, mimi nabonyeza yeye anapiga kelele taa ya breki ikiwaka. Mara nyingi inawaka pale ninapotaka. Na breki si lazima uihisi kwa kidole, unaihisi gari inavyoinama. Tajiri ameshanivumilia vya kutosha, ana dereva mwingine anammezea mate. Watoto watakula ganzi?

Mama Tatu Ngamiani
"Mara nyingi inawaka." Jamani.

Mgosi wa Kaya
Ruti gani mkuu?

Mtoto wa Makorora
Ruti si hoja.

Mgosi wa Kaya
Ndiyo hoja yenyewe. Ruti gani?

Mtoto wa Makorora
Tanga – Lushoto.

Mgosi wa Kaya
Basi utani nimeuacha. Mimi wa Soni. Kutoka Mombo kupanda kule unaijua, huku mwamba, huku korongo, kona inaficha kona. Kushuka ukiwa umejaza abiria na magunia ya viazi, mguu mzima wenyewe unatetemeka.

Kalamu Nyekundu
Samahani wadau, mnapoteza muda. Hii chai, tena haina tangawizi. Nimefungua nyuzi zake za nyuma: alishauliza bei ya vifaranga, akasema ni mwajiriwa wa benki Korogwe. Leo dereva wa Kosta. Na kandambili ikivuka hata kiziwi anajua, wayo unagusa lami ya saa saba mchana!

Gogo la Mnazi
Nilijua tu. Kisa cha muuza ndizi kilikuwa kitamu mno.

Mtoto wa Makorora
Akaunti hii ilikuwa ya shemeji, ndiye wa benki. Simu kaniachia mimi. Mtu anaumwa mnamwomba kitambulisho?

Bi Mkubwa Chumbageni
Hata akiwa mwongo, yupo mwingine anasoma akiwa na ganzi ya kweli. Na mashemeji nawajua, wana mambo.

Kalamu Nyekundu
Bibi, kwa huruma hiyo utatapeliwa. Wiki ijayo hapa tutaona namba ya kuchangia matibabu.

Fizio Mstaafu
Kuna kipimo hakidanganyiki. Mtoto wa Makorora, simama ushikilie ukuta, tembea kwa visigino vidole vikiwa juu. Kisha kaa, inua vidole gumba vyote viwili. Niambie unachokiona.

Kalamu Nyekundu
Atasema "vimegoma". Mtaona.

Mtoto wa Makorora
Wa kushoto unainuka. Wa kulia wayo unaburuza, na kidole gumba kinatikisika tu, hakipandi. Sikuwahi kukijaribu.

Fizio Mstaafu
Dalili hizo na mahali ulipopataja pa ganzi vinaafikiana, mshipa wa kiunoni wa tano. Mtunga hadithi angekosea mahali. Hapo si ganzi peke yake tena, msuli umelegea. Asubuhi nenda hospitali ya Bombo, waeleze neno "udhaifu", usiseme ganzi tu. Watakupima, wakiona haja watakupa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar. Na usukani weka chini, hata wa Noah ya jirani.

Mtoto wa Makorora
Nimekuelewa mkuu. Nitaenda wiki ijayo. Kesho nimeshapangiwa, siwezi kumwangusha tajiri alfajiri.

Mama Tatu Ngamiani
Kesho? Mama yangu anapanda gari ya asubuhi stendi ya Kange kwenda Lushoto. Kaka, Kosta yako ya rangi gani?